Mwalimu wa Hesabu kwa Binti Yake wa Miezi Saba

Kampala,
Alhamisi, baada ya alasiri

Zamzamu mwanangu,

Barua ya kawaida huanza kwa kuulizana hali. Hali yako mimi naijua: uko chumba cha pili, nakusikia ukikunja nguo na kubishana na mama yako juu ya sufuria usiyotaka kuibeba. Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakueleza habari za basi, za mpakani, za baridi ya Nairobi, na za kumwamkia mama yako mdogo Hawa kila asubuhi hata siku umenuna. Ameyasema mara nyingi mno, nadhani hata mdogo wako Rajabu anaweza kusafiri kwa maelezo hayo.

Mimi nina jambo moja. Ile karatasi ya sifa zako kutoka shuleni, uliyoisoma Jumatatu ukafurahi, haimo tena begini. Nimeitoa nikaichana, na mahali pake nimeweka nyingine. Ya kwanza ilisema kwamba hesabu yako ni nzuri. Ya pili inasema kweli. Huenda kwa sababu ya hiyo ya pili chuo cha wauguzi cha Nairobi kikakukatalia mlangoni, na nafasi uliyoingoja miaka miwili ikaenda kwa mwingine. Kwa hiyo una haki ya kujua kwa nini nimefanya hivyo, na una haki ya kukasirika ukishajua.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara mbili wiki hii. Mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama umepata sabuni. Ndiyo maana naandika. Isome hapa hapa nyumbani, kisha mpe mama yako aitie kwenye makaa ya sigiri. Yamo mambo ambayo si vizuri kusomwa na askari wa vizuizi vya barabarani.

Ulizaliwa miezi saba. Unalijua hilo, lakini si kutoka kwangu, maana mimi nilikataza lisitajwe. Muuguzi alipokuweka kwenye mizani ulikuwa ratili tatu. Miguu yako ilikuwa myembamba kama vidole vyangu, na masikio yamelala kichwani kama majani yaliyolowa. Mwezi mzima ulilala kifuani kwa mama yako, ngozi kwa ngozi, chini ya khanga mbili na sweta langu, na bibi yako, Mungu amrehemu, akibadilisha chupa za maji ya moto kila yalipopoa. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila Ijumaa tulikupeleka ukapimwe, nami nikaandika ratili na wakia. Nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu na niliamini kwamba kitu kikipimika, kimepatiwa dawa. Ulipofikia uzito wa watoto wa rika lako nililifunga lile daftari, nikawaambia watu wa nyumbani: habari ya miezi saba imekwisha, mtoto asiisikie, asije akaifanya kisingizio.

Hapo nilikosea mara ya kwanza. Nilidhani mwili ukishalipa deni lake hakuna kilichobaki.

Unajua tunavyoandikisha watoto wa darasa la kwanza. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tunamwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Vidole vikifika, umri umetimia. Visipofika, arudi mwakani. Nimewarudisha watoto wengi kwa kipimo hicho, wengine wakilia na mama zao wakinitukana kwa Kiganda wakidhani sikijui. Siku ile foleni ilipofika kwako, vidole vyako viliishia katikati ya nywele. Aliyeshika kitabu alikuwa Nnaalongo, yule mwalimu mwenzangu ambaye jina lake halisi hakuna alikumbukaye tangu azae mapacha. Alikutazama, akanitazama mimi.

"Mwalimu, mutoto huyu bado. Mwache akule posho mwaka moja."

"Andika tu. Miaka yake ninaijua, nilikuwepo alipozaliwa."

"Miaka unaijua, ssebo. Na mkono unasemaje?"

Wazazi waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nikamnyang'anya kalamu nikaandika jina lako kwa mkono wangu. Mtoto mwingine yeyote mwenye mkono ule ningemrudisha. Wewe sikukurudisha, kwa sababu kukurudisha kungekuwa kukiri kwamba ile miezi miwili uliyoikosa tumboni ilikuwa na maana.

Kilichonipoteza zaidi ni kwamba ulikuwa hodari wa kusoma. Kabla ya mwaka kuisha ulikuwa unasoma vibao vya maduka yote kuanzia Kisenyi hadi Nakasero. Mtoto anayesoma hivyo anashindwaje kujumlisha? Nikahitimisha kwamba ni uvivu. Nikakukaririsha jedwali la kuzidisha kila jioni, nawe ukalishika lote, hadi kumi na mbili mara kumi na mbili. Wageni wakija nilikusimamisha katikati ya mkeka uwasomee. Walikusifu wewe, nami nilizipokea sifa kana kwamba ni zangu.

Siku moja ami yako Ramadhani, ambaye hana heshima na maonyesho ya mtu, alisukuma sahani mbili za maandazi mbele yako. Moja ilikuwa na sita yametandazwa, nyingine manane yamepangwa juu kwa juu.

"Haya profesa. Yenye mengi ni yako."

Ukachukua ile ya sita. Ami yako akacheka hadi akapaliwa na chai. "Huyu ana adabu kuliko baba yake," akasema. "Anawaachia wageni mengi." Watu wote walicheka isipokuwa mimi. Nilijua haikuwa adabu. Ulikuwa umeangalia sahani gani imejaa zaidi, na kwa jicho lako sita yaliyotawanyika yalikuwa mengi kuliko manane yaliyobanana. Jedwali lote ulilokariri lilikuwa wimbo. Ulijua maneno yake kama mtu ajuavyo kaswida ya Kiarabu bila kujua Kiarabu.

Unakumbuka nilichofanya wageni walipoondoka, na sitaki kukipunguza kwa kukieleza. Nilichukua fimbo ya shuleni nikaileta nyumbani. Nilikuchapa kwa ajili ya mishale ya saa uliyoisoma kinyume. Ulikuwa na miaka minane. Mama yako alisimama mlangoni akasema neno moja tu, "Ratili tatu," nikamjibu anyamaze.

Nikueleze sasa kitu ambacho nimekielewa polepole, baada ya kufundisha watu wengine kwa miaka mingi. Ukimwonyesha mtu maharage matatu mezani, hayahesabu. Huona tatu, kama aonavyo kwamba kitambaa ni chekundu. Juu ya kuona huko ndiko tunakojenga kujumlisha, kutoa, saa, kalenda, na mengine yote. Wewe hata matatu uliyahesabu kwa kidole, na nikiyasogeza ulianza upya, kana kwamba kusogea kumeyabadilisha idadi. Kwako thelathini na moja na kumi na tatu zilikuwa ndugu wawili wanaofanana, na kila siku unawachanganya majina. Mimi nilikuwa najenga ghorofa ya tatu kwenye kiwanja kisicho na msingi, kisha nikiipiga fimbo kwa kuanguka.

Na mtu alikuwa ameniambia. Daktari mmoja Mhindi alikuwa na zahanati karibu na soko la Nakasero. Nilikupeleka kwa ajili ya macho, nikitumaini kwamba labda huoni vizuri ubaoni. Akapima, akasema macho ni mazima. Akakuuliza vitu vingi, vingine vya kuhesabu vifungo vya shati lake. Kisha akauliza, "Alizaliwa kwa wakati wake?" Nikasema ndiyo. Akaniangalia, akarudia swali. Nikasema, miezi saba, lakini hilo lilikwisha zamani.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimepokea watoto wengi wa namna hii na wengine nimewaona wakikua. Wengi hawana tatizo lolote. Wachache wanasema vizuri, wanasoma vizuri, lakini namba zinawateleza. Kichwa chao kilimalizia kazi nje, mahali palipotakiwa kuwa na giza na utulivu pakawa na mwanga na baridi. Sijui kwa uhakika kwa nini ni namba. Ila najua si uvivu, na si upungufu wa akili. Usimpige. Mpe muda, mpe vitu vya kushika, na mwambie mwenyewe."

Nilimshukuru, nikatoka nimekasirika. Nilisikia kwamba ameniambia mwanangu ana kasoro. Nilipanga kurudi siku nyingine nimuulize zaidi, nikaahirisha, na kabla sijarudi ilitoka amri ya Wahindi kuondoka nchini. Nilipopita pale mlango ulikuwa na kufuli na kibao kilikuwa kimeng'olewa. Swali nililokuwa nalo bado ninalo.

Sasa nifike kwenye siku ile ya msako. Hatujawahi kuizungumza, wewe na mimi.

Ilikuwa Jumamosi, jua bado liko juu. Wanajeshi wawili waliingia bila hodi, wakisema kuna watu wanafichwa mtaani kwetu. Mkubwa wao alinisimamisha ukutani.

"Mzee, nyumba hii iko na watu ngapi?"

"Watano, afande."

Akageuka akakuona wewe umesimama na kikapu cha mama yako mkononi. "Wewe, toto. Muko ngapi hapa?"

"Wanane," ukasema.

Yule afande alitoa watano kwenye wanane haraka kuliko wanafunzi wangu wengi. "Watatu iko wapi, mzee?" Mwenzake akaanza kupindua vitanda. Mimi nikaanza kusema kwamba mtoto ameogopa, kwamba amewajumlisha na majirani. Nilisema uongo wa kila aina isipokuwa ukweli. Bunduki ilikuwa kifuani kwangu na bado nilikuwa natafuta njia ya kuificha ile aibu.

Aliyesema ni mama yako. Alikuwa amekaa mkekani na ukindu mapajani, wala hakusimama.

"Afande, mtoto wangu alizaliwa miezi saba. Hesabu haijui. Muulize njia ya maduka ya Kikuubo, atakupeleka amefumba macho. Hesabu usimuulize, utatuua bure."

"Hajui hesabu? Na baba mwalimu?"

"Mjaribu."

Afande akachukua kibiriti chetu, akamwaga njiti tano sakafuni. Ukapiga magoti ukazigusa moja moja, nyingine mara mbili. Ukasema saba. Akazisogeza kwa ncha ya kiatu, akasema, "Tena." Ukasema sita. Akamtazama mwenzake, wakaangua kicheko, na mkubwa akanipiga begani kama rafiki. "Mwalimu! Wewe nafundisha watoto ya watu, yako nyumbani hapana jua tano!" Wakachukua redio, wakaondoka.

Ulibaki umepiga magoti. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, kwani tuko wangapi?"

Mimi, mwenye cheti cha ualimu ukutani, nikainama kuokota njiti. Mama yako akasema, "Wataje."

"Baba, mama, bibi, Rajabu, na mimi."

Hukumsahau mtu na hukumwongeza mtu. Ulijua kabisa nani yumo ndani ya nyumba yako. Sentensi ile niliyoikataza miaka kumi na mitatu ilikuwa imetutoa mikononi mwa watu ambao nyumba nyingine wametoka na baba, si na redio. Nami nitakuambia jambo lisilonipendeza kuliandika: kwa siku kadhaa nilichokisikia zaidi masikioni mwangu si hofu, ni kile kicheko. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kumtazama mama yako anavyokufundisha kusuka. Miaka yote ile nilidhani mnapiga soga. Ua la sinia yetu ya ukindu, ya sisi Wanubi, lina mizunguko na rangi zinazopokezana, na aliyesoma kama mimi angelifundisha kwa idadi: nyekundu nne, nyeusi mbili. Mama yako hakutaja idadi hata mara moja. Alikuwekea sinia iliyokwisha kando ya ile unayoanza. Akasema nyekundu iende mpaka ikutane na bega la ua la chini yake. Ukikosea hakusema umekosea. Alisema, "Lilaze juu ya lile uone." Ukalaza, ukaona, ukafumua mwenyewe. Sinia zako zilinyooka.

Nikaacha ubao. Nilikukatia kamba ya kupimia, nikafunga mafundo, nikachora alama kwenye vikombe, nikakutengenezea saa ya kadibodi yenye vipande vya rangi. Hukuwa mtu wa hesabu, na hutakuwa. Lakini ulianza kujua lini hujui, na hiyo nusu ya darasa langu hawaipati. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Kosa langu la mwisho ni la juzi tu. Mwezi uliopita, ulipokuwa ukisaidia kwenye zahanati, ulirudi ukatuhadithia unacheka: umesoma kumi na tatu kwenye chupa ya dawa ya mtoto ukasema thelathini na moja, na muuguzi mzee wa pale akakupokonya kijiko. Mama yako hakucheka. Mimi nilicheka kidogo ili usiogope. Halafu Jumatatu, chuo kikitaka karatasi ya sifa, mwalimu mkuu akaniachia niandike kwa sababu ananiamini, na kwenye mstari wa hesabu nikaandika "nzuri." Nilikuwa nakuandika tena kwenye kitabu cha darasa la kwanza.

Jana nilikuwa darasani natunga swali ubaoni. Mtu mzima hupewa matone thelathini ya dawa, mtoto hupewa theluthi, je, ni matone mangapi? Swali la kawaida, nimelitoa miaka yote. Nilipofika kwenye alama ya kuuliza niliiona chupa yako. Nikaona wodi ya watu nisiowajua, mtoto wa ratili tatu kitandani, na wewe peke yako na kijiko, ukiona haya kuuliza kwa sababu karatasi ya baba yako imesema hesabu yako ni nzuri.

Leo asubuhi nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza. Alifunga mlango kwanza.

"Mwalimu, umelogwa? Nchi nzima watu wanaandika uongo ili wapone. Wewe unaandika ukweli ili binti yako akose?"

"Sitaki akose. Nataka wamjue."

"Watamrudisha."

"Huenda."

"Na ukirudi kwangu kulia?"

"Nitalia nyumbani."

Alitikisa kichwa, akapiga muhuri kwa nguvu kama anaua mdudu.

Karatasi mpya inasema hivi, nimenakili: "Kusoma na kuandika, vizuri sana. Hesabu, dhaifu tangu utoto. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Si mvivu. Anajua udhaifu wake, hurudia kazi yake, na akielekezwa kwa kuonyeshwa hasahau. Dawa asipime peke yake mpaka mkufunzi aridhike." Yule muuguzi mzee aliniambia kwamba katika wodi zilizo nzuri dawa ya mtoto husomwa na watu wawili, kila mmoja kwa sauti, hata kama wote ni mabingwa. Wakikupokea, omba dawa isomwe hivyo. Wasipokupokea kwa sababu hiyo, basi walikuwa wanampokea binti niliyemtunga mimi, si wewe.

Nilifikiri nikuwekee karatasi zote mbili uchague. Ningeonekana baba mwema. Lakini kama ungechagua ya kwanza, na hofu ingeweza kukufanya uichague, angelipa mtoto ambaye hayumo kwenye mazungumzo yetu. Kwa hiyo nimeamua mimi. Najua nimeamua tena kwa niaba yako, kama siku ile ya foleni, na huenda hili nalo ukaja kuliita kosa. Ukiliona hivyo, niambie. Nimezoea kusahihisha, sijazoea kusahihishwa, lakini bado nina umri wa kujifunza.

Ukirudishwa, rudi. Usikae Nairobi kwa kuona haya. Zahanati ya hapa itakutaka na mama yako ana ukindu wa kutosha.

Ukipokelewa, siku moja mkufunzi atakuona unagusa vidole chini ya meza, atakuuliza mbele ya wenzako hesabu ulifundishwa na nani. Wasichana watacheka, kama watoto wa shuleni kwetu walivyokuwa wakikuita Binti Hesabu. Usiseme hukupata mwalimu. Sema ulifundishwa na baba yako, mwalimu wa hesabu, na kwamba alichelewa kukuelewa. Usinifiche.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Idrisa